Barafu Isiyoacha Maji

Kila asubuhi Dioselina na mumewe Ulbio walikata samaki kwenye meza moja, wakitazamana. Kijiji chao kiko karibu na mji wa Manta, pwani ya Ekwado. Huko nusu ya watu huvua jodari, na nusu nyingine huwakata.

"Baba wee, huo ni mnofu au godoro?" Dioselina alimtania. "Kata mwembamba!"

"Acha liwe godoro. Shemeji Nurys akichoka kupika atalilalia."

Nurys ni mdogo wake Dioselina. Ana mkahawa Madrid, Uhispania, na wateja wake wengi ni watu wa pwani waliohamia huko. Samaki wake walisafiri kwa ndege kutoka Guayaquil. Wale wabichi walifika salama, wamezungukwa na vifuko vya barafu. Shida ilikuwa samaki waliogandishwa. Waliondoka nyumbani wagumu kama mawe, wakafika wamelegea, maji yanachuruzika.

"Dada, mzigo wote umetupwa," Nurys alisema kwenye simu. "Wenzenu wanaotuma samaki hapa wanatumia barafu kavu. Nanyi tumieni, tafadhali. Wateja wananikimbia."

Basi wakaenda kununua barafu kavu mjini. Ilikuwa vipande vyeupe vinavyofuka moshi. Muuzaji aliwapa onyo moja tu.

"Msiishike kwa mikono mitupu. Inaunguza kama moto."

Wakavaa glavu nene. Wakapanga minofu katika maboksi meupe ya povu gumu, wakaweka barafu ile, wakafunika. Ulbio alizungusha selotepu kila mahali.

"Baridi isipate hata tundu la sindano," alisema, akajipigapiga kifua kwa furaha.

Walipakia maboksi kwenye gari lao. Mbele kulikuwa na viti viwili, nyuma mizigo, katikati hakuna ukuta. Wakashika njia ya Guayaquil.

Njiani wakasikia kishindo nyuma. Pu! Kifuniko cha boksi moja kilikuwa kimefyatuka.

"Samaki wamefufuka!" Ulbio alisema. Wakacheka mpaka machozi.

Kisha mvua ikaanza. Ilimlowesha Dioselina begani, naye akapandisha kioo. Ulbio akapandisha cha upande wake. Wakaendelea hivyo, vioo vimefungwa.

Baada ya muda Dioselina alishika kichwa.

"Kichwa kinanigonga. Na pumzi naivuta kama niliyepanda mlima."

"Njaa hiyo, mke wangu. Hata mimi macho mazito. Tusimame pale."

Walisimama penye kibanda cha chakula kando ya barabara.

"Nenda wewe," Ulbio alisema. "Mimi nijinyooshe kidogo. Uniletee ndizi ya kuchoma, na jibini nyingi. Usimwachie mama wa watu anipunje."

Dioselina alishuka, akafunga mlango ili mvua isiingie. Nje, kichwa chake kilianza kupoa. Alikaa kwenye benchi akisubiri ndizi ziive, akapiga soga na mwenye kibanda. Hakuwa na wasiwasi wowote.

Aliporudi, Ulbio alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo.

"Amka, mvivu wee. Ndizi yako inapoa."

Alifungua mlango. Ulbio akamwangukia kifuani, mwili mzima mzito. Mdomo wake ulikuwa umebadilika rangi. Ndizi zikaanguka kwenye tope. Dioselina alipiga ukelele, watu wakatoka kibandani mbio, wakamvuta Ulbio nje, wakamlaza kwenye mvua. Walimpepea, wakambonyeza kifua, wakamwita kwa jina.

Hakuitika tena.

Msibani watu walisema mengi. Huyu alisema moyo, yule alisema jicho la hasidi. "Ajali haina kinga," wengine waliongeza. Mama yake Ulbio, bibi Auxiliadora, alimtazama Dioselina kwa macho makavu.

"Mlitoka wawili," alisema. "Kwa nini umerudi peke yako?"

Tangu siku ile wakwe wawili hao waliishi ua mmoja bila kusalimiana. Meza ya samaki ilifunikwa kwa turubai.

Daktari aliyeupima mwili alikuwa amesema kwamba Ulbio hakuwa na ugonjwa. Alikosa hewa. Maneno hayo yalimkereketa Fausto, mdogo wake marehemu. Mtu anakosaje hewa ndani ya gari, asubuhi, barabarani? Akafunga safari hadi ghala la mizigo ya ndege kuuliza. Alirudi na mama mmoja wa makamo, mwalimu Mireya, ambaye kazi yake ni kuwafundisha wapakiaji wa mizigo. Alikuwa amebeba ndoo, mshumaa, na kipande cha barafu kavu ndani ya boksi lililolegezwa kifuniko.

"Poleni sana," alisema. "Sikuja kumlaumu mtu. Nimekuja ili msizike mwingine. Tukae nje, panapopita hewa."

Akausimamisha mshumaa ndani ya ndoo, akauwasha. Kisha akavaa glavu, akaweka kile kipande kando yake, akakinyunyizia maji. Moshi mweupe ukatambaa ndani ya ndoo. Mwali ulitikisika, ukadhoofika, ukazimika. Hakuna aliyeupuliza.

"Barafu ya kawaida ikiyeyuka inaacha maji," Mireya alisema. "Hii haiachi maji. Inageuka hewa, ile hewa ya ukaa tunayoitoa puani. Haina rangi, haina harufu. Huo moshi ni mvuke tu. Hewa yenyewe huioni. Ni nzito, inakaa chini, inajaza gari au chumba. Mtu anaumwa kichwa, anahema mbio, anasikia usingizi. Akilala, ndiyo basi."

"Na ule mlipuko wa kifuniko aliousimulia shemeji?" Fausto aliuliza.

"Hewa ilikuwa inatafuta njia. Boksi likizibwa kabisa linapasuka. Acha kifuniko kipumue. Gari lazima liwe na ukuta kati ya dereva na mzigo, na upande wa mzigo uwe na matundu ya hewa. Vioo wazi, hata mvua ikinyesha. Usilale ndani. Kichwa kikiuma, simama, shuka, fungua milango yote. Ukimkuta mtu ameanguka chumbani, usijitose. Fungua kwanza, ita watu. Na juu ya kila boksi andika kwamba kuna barafu kavu, na uzito wake. Ndani ya ndege pia kuna watu wanaopumua. Wenye ndege lazima wajue ili wapime kiasi."

Bibi Auxiliadora alikuwa bado anautazama mshumaa.

"Mwanangu alizimika hivyo?"

"Ndiyo, mama. Pole pole. Kama usingizi."

"Mimi ndiye niliyefunga kioo," Dioselina alisema ghafla. "Mvua ilinilowesha. Nikafunga. Na mlango pia nikafunga."

Bibi Auxiliadora aliinuka kwa shida, akavuka ua, akakaa chini kando ya mkwewe.

"Hukujua, mwanangu. Hata yeye hakujua." Akamshika mkono. Wakalia pamoja kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Mireya hakuondoka siku ile. Wapakiaji wa kijiji walikuja, naye akarudia somo mpaka kila mmoja akaweza kulisema. Alipomkuta jirani mmoja anahifadhi barafu kavu chini ya kitanda, ili isiibiwe, alimkemea mbele ya mkewe.

"Kwani unataka kumwacha mjane?"

Yule bwana aliitoa nje saa ileile, jasho likimtoka.

Fausto alijenga ukuta wa bati ndani ya gari, akauziba vizuri, akatoboa matundu upande wa mzigo. Dioselina hakutaka kuligusa gari lile. Miezi ikapita. Siku moja alitoa turubai mezani mwenyewe, akaanza kunoa kisu.

Walifunga mzigo kama walivyofundishwa. Wakaandika juu ya maboksi. Walisafiri vioo wazi, Fausto akiendesha, na Dioselina akashuka Guayaquil nywele zimetimka kwa upepo.

Kesho kutwa yake Nurys alipiga simu.

"Dada! Wamefika wagumu kama mawe! Nagonga mnofu mezani, unalia ko ko ko! Umesikia?"

"Nimesikia, mdogo wangu."

Alipokata simu alikuwa anatabasamu. Akageukia ua, akapaza sauti.

"Ulbio! Samaki wa—"

Akakumbuka hayupo.

Fausto alikuwa mezani, kisu mkononi. Alisikia. Aliinamisha kichwa kidogo, kisha akaweka kisu chini na kujifuta mikono.

"Niambie mimi, shemeji," alisema. "Samaki wamefikaje?"

Dioselina aliiweka simu mfukoni. Akaenda mezani, akasimama upande wake uleule wa zamani, akamwambia.