Ulimi wa Kengele ya Emmerbeck

Kengele ilikuwapo juu mnarani. Ulimi wake ndio haukuwapo.

Inspekta Haigh alisimama katika chumba cha chini cha mnara wa kanisa, akatazama mahali ukutani ulimi huo ulipokuwa umeegemezwa. Chuma cha kugongea kengele, cha urefu wa mtoto wa miaka mitano, kizito kama gunia la viazi. Mhunzi alikuwa ameutengeneza ulipolegea, akauleta ili uangikwe Jumamosi. Jumamosi ndiyo leo. Kesho ilikuwa Jumapili ya Shukrani.

"Nani aliuona mara ya mwisho?"

"Mimi, jana mchana," akasema Seth Oldroyd, mkuu wa wapiga kengele. Kifua chake kilikoroma kama mvukuto uliotoboka. Moshi wa sumu wa vitani haukupata kumtoka. "Na mwizi namjua. Yuko hapo nyuma yako, anajikuna kichwa."

Aliyekuwa akijikuna kichwa ni Jabez Crowther, mhunzi mwenyewe.

"Wee Seth, una wazimu? Niutengeneze kwa mikono yangu, halafu niuibe?"

"Ulisema kengele inakunyima usingizi."

"Nilisema kuipiga kwako ndiko kunakoninyima usingizi!"

"Nyamazeni," akasema Haigh. "Mtagombana vizuri nikishaondoka."

Lakini alimwelewa Seth. Wilaya nzima ilijua habari za Emmerbeck. Vita Kuu vilichukua vijana kumi na mmoja wa kijiji kile, na wote kumi na mmoja wakarudi. Hakuna kijiji kingine pande zile kilichojaliwa hivyo. Skelby, ng'ambo ya kilima, alikozaliwa Haigh, walichonga jiwe la majina ya wafu, na jina la baba yake lilikuwa la nne. Emmerbeck hawakuwa na la kuchonga. Walitoa sufuria zao, vinara vyao, hata vifungo vya makoti, wakaviyeyusha, wakasubu kengele ya kumshukuru Mungu. Kila Novemba waliipiga ikivuma mpaka Skelby. Mama yake Haigh alikuwa akiisikia, anafunga dirisha.

"Daktari amenikataza kuvuta kamba," Seth akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Kesho ndiyo mara yangu ya mwisho, bwana Inspekta. Isipolia kesho, mimi na kengele hii basi."

Haigh akachuchumaa. Akanyunyiza unga wa alama za vidole kwenye kitasa cha mlango. Hapakuwa na alama hata moja, hata za Seth aliyekishika kila siku. Kitasa kilimeta kama kipya. Akainusa shaba ile: siki na chumvi, dawa ya kung'arishia. Sakafu nayo ilikuwa imefagiwa mpaka pembeni. Nje tu, kwenye tope la kizingiti, gurudumu jembamba lilikuwa limeacha mstari.

"Jabez, wewe ukiingia mahali hufuta kitasa?"

"Muulize mke wangu. Hata miguu sifuti."

"Basi mwizi gani huyu anayefagia?"

Haigh akakinusa kitasa tena.

"Nani anasafisha shaba za kanisa?"

"Hettie Lumb," akasema Seth. "Kila Ijumaa. Lakini huyo umwache, ni mtu wa Mungu."

"Ana kitu chenye magurudumu?"

"Kigari cha mtoto, cha kubebea kuni. Kijiji kizima tunamtania: hana mume, hana mwana, ana kigari!" Jabez akacheka peke yake. "Jana amepita nacho mbele ya karakana, kimefunikwa blanketi. Nikamwambia, 'Hettie, mtoto kalala?' Akanijibu, 'Kalala, usimwamshe…'"

Kicheko kikamkauka mdomoni.

Nyumba ya Hettie Lumb ilikuwa ya mwisho, karibu na bwawa la kinu. Alifungua mlango kabla Haigh hajabisha. Mwanamke wa miaka hamsini, mikono myekundu kwa kusugua.

"Ingia, bwana Inspekta. Futa miguu."

Haigh akafuta. "Uko wapi, Bi. Hettie?"

"Jikoni. Chai utakunywa?"

"Uliubebaje?"

"Nilimwinua marehemu mama yangu kitandani miaka na miaka. Chuma angalau hakilalamiki."

"Ulitaka kuuza?"

"Kuuza!" Akamtazama kana kwamba ametema mate sakafuni. "Ningeurudisha alfajiri, kabla ya ibada. Sijamaliza kushona."

Ulimi ulikuwa juu ya meza, umelazwa kwenye blanketi. Upande mmoja wa kichwa chake ulikuwa umevikwa ngozi nyeusi, nene, imeshonwa kwa uzi wa nta. Upande wa pili ulikuwa wazi. Chini ya meza palikuwa na buti la askari, limekatwakatwa.

Haigh hakuhitaji kuelezwa. Skelby waliuvika ulimi wa kengele yao ngozi vivyo hivyo kila Novemba, kuwalilia wafu wao. Kengele ikienda huku inalia kwa nguvu. Ikirudi inalia kwa mbali, kama inajibiwa na mtu aliye nyuma ya kilima.

"Buti la nani?"

"La kaka yangu, Arthur. Mmoja wa wale kumi na mmoja." Alikaa. "Alirudi mzima, hana hata mkwaruzo. Alinipandia njegere, akapaka chokaa nyumba nzima. Usiku alikuwa halali. Majira ya kuchipua wakamtoa bwawani, mifuko imejaa mawe. Walimzika upande wa kaskazini, wanakozikwa waliojiua, bila kengele."

"Kwa nini hukuomba ngozi ivikwe?"

"Niliomba. Kasisi yule wa zamani akaniambia: ngozi ni ya kuwalilia waliokufa vitani, na Emmerbeck haina aliyekufa vitani." Akaugusa mshono. "Usinielewe vibaya, bwana. Nashukuru. Mwenyezi Mungu alinirudishia kaka yangu mwaka mzima, wakati akina mama wa Skelby hawakupata hata siku. Nashukuru kuliko wote humu. Lakini katika shukrani Arthur yumo, katika kilio hayumo popote. Ndiyo maana nikaiba. Haya, nifunge."

Mlangoni mtu alikoroma. Seth alikuwa amewafuata, Jabez nyuma yake. Seth akaingia bila kufuta miguu, na Hettie akamwacha. Seth akainama, akaokota kipande cha buti.

"Alinibeba mgongoni na buti hizi," akasema. "Kutoka kwenye moshi ule mpaka kwa daktari. Bila yeye nisingekuwa hapa nakoroma."

Akaupima mshono kwa kidole.

"Huu hautashika, dada Hettie. Chuma kitaukata kabla ya sala ya kwanza. Jabez, unao mkanda na misumari mifupi?"

"Ninao. Ila mimi nimeitwa mwizi asubuhi yote."

"Nitakununulia bia."

"Mbili."

"Mbili, mchoyo we. Kimbia."

Haigh akafunika kalamu yake. "Kuna anayeshitaki?"

"Kushitaki nini?" Seth akasema. "Ulimi ulikuwa kwa fundi."

Kesho yake Haigh hakwenda Emmerbeck. Alikwenda Skelby kwa mama yake. Saa ya ibada ilipokaribia, mama aliinuka, akashika dirisha alifunge kama kawaida yake.

"Subiri kidogo, mama."

Kengele ikavuka kilima. Pigo moja kubwa, la furaha. Kisha la pili, dogo, la mbali. Mkono wa mama ukabaki kwenye dirisha.

"Nani amefiwa Emmerbeck?"

"Hettie Lumb. Kaka yake."

"Lini?"

"Zamani, mama. Tangu vita."

Mama akasikiliza, pigo la shukrani, pigo la kilio, mpaka Seth Oldroyd alipochoka. Kisha akarudi kukaa.

"Liache wazi," akasema.