Barua ya Kutoolewa

Siku Beatus alipommwagia binti wa watu pumba kichwani, dunia haikutikisika. Kilichotikisika ni mashine ya kukobolea mpunga pale Mlabani, ambayo yeye ndiye mwendeshaji wake, na foleni ya akina mama iliyofika hadi barabarani. Ilikuwa Julai, mwaka 1994.

"Kaka, nimeleta mpunga ukobolewe, si gauni!" alifoka msichana mwenye gauni jeupe, au lililokuwa jeupe.

"Samahani, dada. Pumba zangu huchagua wazuri tu."

Msichana akacheka, na habari ya Beatus ikaishia hapo. Jina lake Konsolata, miaka ishirini na miwili, anaishi na bibi yake. Kufikia Krismasi Beatus alikuwa ameagiza posa ipelekwe baada ya Pasaka, na alizima mashine kila baiskeli ya kike ilipopita, akidhani ni yeye.

Jumapili moja baada ya misa, Katekista Nikodemu alimshika bega.

"Shikamoo, katekista."

"Marahaba. Pole sana, mwanangu. Konsolata ameomba barua ya paroko, kwamba hajaolewa."

Mlabani nzima inajua: barua hiyo haombi mtu ila anayekwenda kufunga ndoa parokia nyingine. Siku tatu Beatus hakula. Yaani alikula sahani moja badala ya mbili. Siku ya nne Konsolata akatokea mashineni.

"Anaitwa nani?" Beatus aliuliza bila salamu.

"Nani?"

"Bwana harusi wako."

"Katekista huyo! Ulimi wake una baiskeli." Konsolata akatoa bahasha. "Barua ni ya kumtumia mama, mpenzi."

Mama yake, muuguzi, aliondoka kwenda Marekani Konsolata akiwa na miaka kumi. Sasa ameruhusiwa kuishi huko moja kwa moja, na anamwombea bintiye kibali kama chake. Jumamosi alipiga simu kwa masista kukumbusha sharti: binti asiolewe mpaka kibali kitoke. Akiolewa, ombi limekufa; barua ya paroko ndiyo ushahidi kwamba hajaolewa.

"Kinatoka lini?"

"Miaka mitano. Labda sita." Konsolata aliipangusa bahasha pumba. "Nimesahau hata mama anavyocheka, Beatus. Lakini ukisema nisipeleke posta, sipeleki."

Beatus aliitazama bahasha. Akazima mashine. Foleni ikalalamika. Akapiga goti juu ya pumba, uso umekazwa kama wa askofu.

"Konsolata, mbele ya mashine hii na akina mama hawa, unakubali kutoolewa na mimi?"

"Inuka, mpuuzi wewe!"

"Jibu. Miaka mitano, sita ikibidi."

"Nakubali kutoolewa na wewe," alisema, machozi na kicheko pamoja. "Wala na mwingine yeyote."

"Amina! Sasa tukobolee mpunga wetu!" mama mmoja alipaza sauti.

Jioni walikwenda posta kwa baiskeli, Konsolata kwenye keria. Bahasha ilipodondoka ndani ya sanduku, Beatus alipenyeza mkono kwenye tundu, akapapasa. Vidole havikuifikia.

"Unatafuta nini?"

"Nahakikisha imefika chini," alisema, na mkono akauacha humo kidogo zaidi.