Samaki wa Sanduku la Kioo

Samaki wote wa Bwana Nicolas walikufa usiku wa kuamkia Jumatano, na kabla jua halijapanda vizuri Baraka nzima ilikuwa inamjua aliyewaua. Ndivyo mji ule ulivyo: mtuhumiwa hupatikana mapema, ushahidi utafuata wenyewe ukipenda.

Brigadie Isidore Mutambo wa polisi alifika saa moja asubuhi. Kilikuwa kiangazi cha mwaka 1958. Bwana Nicolas, Mgiriki mwenye duka la nguo na chumvi karibu na ziwa, alimpokea mlangoni na kumpa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umefungwa bendeji, na bendeji ilipotelea ndani ya shati la mikono mirefu.

"Niliungua na jiko ya primusi," alisema.

Mutambo aliugusa ule mkono wa kushoto kwa ncha za vidole. Salamu ile ilimuuma. Mtu mwenye kiganja kichafu au kibovu huwapa wenzake kifundo cha mkono wa kulia wakishike, na Nicolas, aliyezeekea Baraka, alikuwa akifanya hivyo kila mara akitoka kushika samaki. Leo alimpa polisi mkono wa kushoto kama anayemfukuza kuku. Mutambo akaimeza hasira yake na kuingia sebuleni.

Sanduku la kioo lilikuwa juu ya meza, refu kama kitanda cha mtoto. Ndani yake Nicolas aliweka samaki wadogo wa rangi ambao vijana walimkamatia kwenye miamba. Wengine aliwapeleka Usumbura, na kutoka huko walipanda ndege kwenda Ulaya kutazamwa. Mutambo hakuwahi kuielewa biashara hiyo ya samaki wasioliwa, lakini alikubali kwamba walikuwa wazuri. Sasa walielea chali, na katikati yao yalielea majani ya mtupa, mabichi, mazima, kila jani na kikonyo chake. Harufu kali ilimchoma pua. Kitambaa chekundu chini ya sanduku kilikuwa na mabaka meupe pale maji yalipomwagikia.

"Ni utupa," Nicolas alisema. "Babembe banaua nayo samaki mu mito. Na Anatole ni Mubembe. Nilimufukuza juu ya ukoma, sasa analipiza. Munganga anatoka Uvira leo. Abebe ule muntu, mambo iishe."

Hapo ndipo palipokuwa na uzito wa jambo lenyewe. Anatole alikuwa boyi wa nyumba ile, na kazi yake kubwa ilikuwa kusugua kioo na kupanga upya mawe ya sandukuni. Mkono wake wa kulia uliota vilonda. Mchana ule daktari wa serikali angepita na lori la kukusanya wagonjwa wa ukoma, na aliyepanda lori lile hakuwa akirudi upesi. Mkewe Émilienne alikuwa na mtoto mchanga ambaye katika kambi ya wakoma asingeruhusiwa. Kama Anatole angekuwa mkoma na mhalifu pia, nani angejisumbua kumtazama mara ya pili?

Mutambo aliokota majani machache, akayafunga katika leso na kwenda kasho, chumba cha mahabusu nyuma ya kituo, ambako Anatole alikuwa amefungiwa tangu alfajiri. Émilienne alikuwa amekaa nje ukutani, mtoto mgongoni.

"Chef, ule mutoto hajashikwa na baba yake tangu bilonda ianze," alisema. "Anatole anaogopa kumuambukiza. Mukimubeba leo, atamushika lini?"

Mutambo aliingia, akamkuta Anatole amejikunyata kwenye pembe, akampa kikombe cha chai ya moto.

"Ulienda kwa Bwana Nicolas usiku?"

"Hapana, chef. Nililala kwangu. Émilienne anajua."

"Mke hushuhudia mumewe siku zote. Bilonda ilianza namna gani?"

"Jiwe ya ndani ya maji ilinichuna kidole. Ikavimba. Kiisha ikatokea ingine ku kifundo, na ingine huku juu." Alinyoosha mkono. Vinundu vilipanda kwa mstari kutoka kidoleni hadi karibu na kiwiko, vyekundu, viwili vimepasuka.

Kikombe kikayumba. Chai ilimdondokea juu ya kinundu, na Anatole akaruka na kupiga kelele. Marehemu mjomba wake Mutambo alikuwa na ukoma. Alikuwa akiinua chungu motoni kwa mkono mtupu, kiganja kinaungua, naye anaendelea kusimulia habari za mavuno.

"Inauma?"

"Inauma sana, chef! Inauma tangu mwanzo."

Mutambo alifungua leso. "Ukitaka kuua samaki na hii, unafanya nini?"

Anatole alimtazama kama anayeulizwa jina la mama yake. "Si kutwanga? Natwanga mupaka inatoa maji, naitia mu kikapo, natikisa mu mutoni. Lakini mi sikufanya, chef. Walahi."

Mtuhumiwa wa pili alipatikana kwenye njia ya milimani: Bizimana, mchungaji wa ng'ombe kutoka kijiji cha Bibokoboko aliyekuwa akiteremsha maziwa Baraka. Juzi alikuwa amegombana na Nicolas hadharani, kwa sababu maziwa yake yalimiminwa katika ndoo iliyonuka samaki. Kwa watu wake hilo ni tusi kwa ng'ombe, achilia mbali mwenye ng'ombe. Alikuwa amesema samaki wale wafe wote.

"Nilisema," Bizimana alikiri, amesimama wima na fimbo yake. "Na bilikufa, nafurahi. Lakini niingie mu nyumba ya samaki? Mi? Hata harufu yake inanishinda."

"Haya majani unayajua?"

"Nitakosa kuijua? Tunapakaa ngombe, kupe inaanguka."

"Unapakaa hivi hivi?"

Bizimana alicheka kwa mara ya kwanza. "Chef, unanichezea. Bila kutwanga, hata kupe moja haitakufa. Itakaa juu ya jani kupumzika."

Mutambo alimwacha aende. Njiani kurudi alipitia zahanati. Norbert, muuguzi, alikuwa akichemsha sindano, na alipoulizwa nani aliyesema Anatole ana ukoma, aliinamisha kichwa.

"Bwana Nicolas alisema. Mi niliangalia toka mulangoni. Niliogopa, Isidore, siwezi kukuficha. Lakini Émilienne alipokuja kulia, akaniambia habari ya jiwe, nilipata haya. Nikaomba munganga aangalie mugonjwa na ile maji pia."

"Uliomba lini?"

"Juma iliyopita. Jana jioni nilienda kumuambia Bwana Nicolas asiguse sanduku mupaka munganga afike."

"Na kama mtu anataka kuua kila kitu majini, hata vijidudu, atatia nini?"

Norbert alionyesha rafuni chupa ya dawa ya kung'arisha nguo. "Javeli. Harufu yake hii."

Mutambo alinusa. Pua ilichomeka kama asubuhi.

Saa tisa alasiri gari la daktari lilisimama mbele ya duka, na lori nyuma yake. Watu walijaa. Mutambo alijua vizuri kwamba brigadie Mwafrika hamkamati Mzungu. Lakini hakuna sheria iliyomkataza kumuuliza maswali mbele ya Mzungu mwenzake. Aliwapeleka wote sebuleni: daktari, Norbert, Anatole mwenye pingu, pamoja na Émilienne na mtoto.

"Bwana Nicolas," alianza kwa upole, "tuonyeshe Anatole alivyowaua samaki."

"Nitaonyesha nini? Alitupa majani mu maji. Si ni vile munafanya?"

Émilienne aliguna. Hata Norbert alitabasamu.

"Si vile," Mutambo alisema. "Mbembe anatwanga, ndipo samaki walewe. Mchungaji wa Bibokoboko naye anatwanga, kwa ajili ya kupe. Majani haya ni mazima. Aliyeyatia amesikia habari za utupa miaka mingi, ila hajawahi kuushika. Na utupa haufanyi kitambaa chekundu kuwa cheupe. Javeli ndiyo inayofanya hivyo."

"Anatole anafulia nayo nguo!"

"Ni kweli. Lakini Anatole akiua samaki kwa javeli, ya nini tena aweke majani ya kumtaja yeye mwenyewe? Daktari alitaka kuona maji haya. Waliojua hilo jana jioni ni Norbert na wewe. Kuna mtu aliyetaka maji yafe pamoja na samaki." Kisha Mutambo alinyoosha mkono wake wa kulia. "Asubuhi ulininyima salamu. Nilidhani unanidharau. Haya, kiganja kimeungua, nimekubali. Nipe kifundo, kama ulivyozoea."

Nicolas hakusogea. Daktari alimtazama, akamsogelea, akapandisha mkono wa shati bila kuomba ruhusa. Vinundu vilipanda kwa mstari kutoka chini ya bendeji hadi karibu na kiwiko, vyekundu. Ilikuwa njia ile ile.

Nicolas aliketi.

"Munganga wa Usumbura aliniambia," alisema, sauti ikiwa chini. "Kijidudu cha maji ya samaki. Kinaingia mahali ngozi imechunika. Nani angenunua samaki wangu? Nani angeingia mu maji kunikamatia?"

"Kwa hiyo ulijua si ukoma," Mutambo alisema.

"Nilijua."

"Na ulitaka kumpandisha lori."

Nicolas alifunika uso kwa mkono wake mzima. Mutambo alitamani kumpiga, kisha akamwonea huruma, kisha tena akatamani kumpiga. Hakufanya lolote.

Daktari alimchoma Anatole kidogo kwa sindano kwenye kinundu, na Anatole akashtuka. "Si ukoma," daktari alisema. "Ugonjwa huu unatibika, ingawa polepole. Mwenye mchubuko asitie mkono katika maji haya, na anayeshika samaki anawe kwa sabuni." Alimgeukia Nicolas na kumwambia kwamba mkuu wa wilaya, kule Fizi, angesikia yote kutoka kwake.

Mutambo alifungua pingu. Anatole hakuondoka. Aliitazama mikono yake.

"Munganga, hii inaambukiza mutoto?"

"Haitoki kwa mtu kwenda kwa mtu. Funga vilonda kwa kitambaa safi, umshike."

Norbert alifunga bendeji, akichukua muda wake safari hii, uso karibu na kilonda. Émilienne alifungua kitenge na kumtoa mtoto mgongoni. Anatole alimpokea kwa mikono miwili, na mtoto, ambaye alikuwa amemsahau, akaanza kulia.

"Alie tu," Anatole alisema. "Atanizoea."