Chungu Kibichi cha Veronika

Jioni hiyo Veronika alikuwa anapeleka vyungu sokoni Lyulilo, basi. Wivu haukuwamo. Thubutu! Wivu ulimjaa mpaka kooni. Mumewe Lazaro alikuwa mwanamaji, askari wa boti ya doria ziwani, na kila doria ikiisha alishukia kwa Gloria, mama ntilie wa ufukweni. Hata bati la nyumbani linalovuja hakuwa na muda wa kuliziba.

Chini ya vyungu vya kuuza alificha kimoja kidogo. Alikifinyanga kwa tope la buti za Lazaro, kama alivyofundishwa na bibi mmoja kwenye machimbo ya udongo. Bibi mgeni, ananuka moshi, na alilijua jina la Lazaro bila kuambiwa.

"Kichome kwanza, mwanangu," alinong'ona. "Kikiiva, kizamishe. Atarudi kwako, hatatoka tena."

Veronika alipanga kukichoma kesho yake. Lakini alipofika ufukweni akaiona boti imetia nanga. Lazaro alikuwa anateremka, maji yanamfika magotini, na Gloria anampokea begi. Begi la mume wa mtu!

Veronika akakitupa chungu ziwani. Kibichi.

Yeye, mfinyanzi tangu utotoni!

Kikazama... Kimya. Kisha askari wakaanza kupiga kelele. Maji ya magotini tu, na Lazaro hayupo.

Wakamtafuta kwa tochi. Veronika akakimbia nyumbani, analia. Mlangoni, harufu ya udongo mbichi ikampokea.

Lazaro alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, magwanda yanachuruzika maji.

"Nimerudi, Mama Asifiwe."

Kwa furaha Veronika akamshika shavu.

Vidole vikazama.

Alipovitoa, mashimo yakabaki. Hayakutoka damu.

"Niwashie moto," Lazaro akanong'ona. "Nikauke..."

Mara hodi. Gloria, na askari wawili nyuma yake.

"Dada, Lazaro hajafika huku?"

Angeweza kusema. Wangemwita mchungaji, wangefanya lolote. Lakini Gloria alikuwa analia, kilio cha mke kabisa. Mke, jamani! Mbele ya mwenye mume!

"Hayupo," akajibu, akakomea mlango.

Udongo, sawa. Lakini wake. Akapiga magoti kupanga kuni.

Ndipo akaisikia mvua inakuja kutoka ziwani.

"Mama Asifiwe... harakisha."

Juu ya kigoda, bati likaanza kudondosha maji.