Nyumba Yetu Inajulikana

Kila asubuhi Samsam alijaza chupa ya chai, vikombe sita kamili. Kila jioni alimwaga vikombe vitano. Hakuwa mpotevu wa vitu. Wanywaji ndio hawakuja.

Zamani walikuja. Mumewe, Mwalimu Abdiqani, alifundisha Masalani miaka thelathini. Wenzake wakipata mshahara walinunua mbuzi. Yeye alinunua vitabu, leo kutoka Garissa, kesho kutoka Wajir. Watu walimcheka, kisha wakaja kusoma. Chumba cha mbele kikajaa vitabu hadi dirishani. Mwalimu alipofariki, watu walimzika, wakaomba dua, wakaenda zao. Sasa ni mwaka wa pili. Jamani, upweke ni mbaya. Samsam alifikia kumsalimia paka wa jirani kwa heshima zote.

Siku moja binti yake, Amino, alipiga simu kutoka Garissa mjini.

"Hooyo, mama yangu, mwezi ukiisha nakuja na lori. Utahamia kwangu."

"Na vitabu vya baba yako?"

"Nyumba yangu ni vyumba viwili, Hooyo. Tutampa mwenye duka afungie njugu. Nani anavisoma?"

"Watu watakuja."

"Basi aje mtu mmoja tu kabla ya mwisho wa mwezi. Akija, lori silileti."

Samsam alijua mambo ya simu kidogo. Alifungua ukurasa mtandaoni, akaandika: "Vitabu vya marehemu Mwalimu Abdiqani. Karibuni. Nyumba yetu inajulikana." Kisha akachukua raba. Mumewe alikuwa na tabia ya kuandika kwa penseli pembeni mwa kurasa, na Samsam alitaka wageni wakute vitabu safi. Kila neno alilofuta lilimuuma, lakini alifuta.

Alikuwa kwenye kitabu cha kumi na moja aliposikia hodi. Mlangoni alisimama mwanamke wa bara, viatu vimejaa vumbi. Aliitwa Wahu. Alikuwa mfanyakazi mpya wa maktaba ndogo ya mji.

"Mama, niliona ukurasa wako, nimekutafuta siku mbili," alisema.

"Siku mbili? Hii nyumba kila mtu anajua."

"Niliuliza, nikapelekwa kwa Abdiqani wa pikipiki. Nikauliza tena, nikapelekwa kwa Abdiqani wa mbuzi. Huyo alitaka kuniuzia beberu."

Samsam alicheka. Alikuwa hajacheka siku nyingi. "Kuuliza si ujinga, binti yangu."

"Si ujinga, Mama. Lakini mimi niko hapa hapa. Mtu aliye mbali, mwenye simu tu, atamuuliza nani? Akikosa njia anafunga ukurasa na kwenda zake."

Wahu alikunywa vikombe vitatu vya chai. Ndipo akaiona raba juu ya kitabu.

"Unafanya nini, Mama?"

"Nasafisha. Mzee alikuwa akichorachora."

"Nisomee hapa. Mimi Kisomali sijui."

Samsam alisoma, akimtafsiria. Kilikuwa kitabu cha ufugaji. Pembeni mumewe alikuwa ameandika majina ya nyasi: hii yaongeza maziwa, hii huota baada ya mvua ya kwanza, hii wazee waliipa ngamia mgonjwa.

"Hayo si machorachora," Wahu alisema. "Kitabu chenyewe kinaweza kupatikana kwingine. Maneno haya yako hapa tu. Wakusanyaji wa vitabu wanatafuta vitu kama hivi."

"Nimefuta vitabu kumi," Samsam alisema. "Kwa mkono wangu huu." Akalia, na wala hakujificha.

Wahu alimwacha alie. Kisha akasema, "Pole, Mama. Vilivyobaki ni vingi. Nitakuja kila jioni tuvipange. Hata mimi, tangu nihamishiwe huku, nakula peke yangu."

Samsam alimpigia binti yake simu. "Amekuja mtu!"

"Wa wapi?"

"Wa maktaba."

"Huyo analipwa kupenda vitabu, Hooyo. Hahesabiki."

Haya, wakaanza kazi. Walivitoa vitabu uani, penye mwanga mzuri. Walipiga picha jalada, ukurasa wa kwanza na maandishi ya Mwalimu. Chini ya kila picha waliandika jina la kitabu, mwandishi, mwaka na hali yake.

"Hiki kimeliwa na mchwa," Samsam alisema. "Tukifiche."

"Tusikifiche. Andika kwamba kurasa nne zimeliwa. Mgeni asafiri akijua ukweli. Na kilichochanika usikibandike utepe wa gundi, utaharibu karatasi."

Kisha walisimama mlangoni, wakaweka alama ya nyumba kwenye ramani ya simu. Waliandika: Masalani, Kaunti ya Garissa, nyuma ya shule ya msingi, mlango wa bluu. Mvua ikinyesha barabara hukatika, kwa hiyo ulizia kwanza.

"Andika pia kwamba naishi peke yangu," Samsam alisema. "Watu wanihurumie, waje."

"Hilo hapana, Mama. Mtandaoni kuna watu wema na kuna wezi. Tutaweka namba ya maktaba. Mgeni apige siku moja kabla, aje mchana, nami nitakuwepo. Na mtu akitaka umtumie vitabu kwanza, au akikuuliza namba yako ya siri, usimjibu."

Wiki mbili zikapita kimya. Amino alipata lori. Samsam alianza kuvifunga vitabu kwa kamba, na kila fundo alilifunga polepole.

Zilibaki siku nne mwezi uishe. Wahu akaja mbio.

"Mwalimu mmoja, Siyad, amepiga kutoka Wajir. Ameona picha ya nyasi. Aliuliza barabara, nimemwambia imekauka. Anakuja kesho kutwa."

Siyad alikuja mchana, moja kwa moja hadi mlango wa bluu, bila kumuuliza mtu. Alikaa mkekani na daftari lake.

"Bibi yangu aliyataja majina haya," alisema. "Wanafunzi wangu hawayajui hata moja. Hivi vingine havina maandishi?"

Samsam aliinamisha kichwa. "Nilifuta mimi."

Siyad hakumlaumu. "Unakumbuka chochote?"

Samsam alifikiri. Mara nyingi usiku mumewe alikuwa amemsomea yale aliyoandika, naye Samsam akimwambia alale. "Nakumbuka," alisema. Akaanza kueleza, na Siyad akaandika, mpaka wakati wa alasiri. Mengine hakuyakumbuka. Hayo yalipotea kabisa, naye alisema hivyo.

"Alhamisi nitarudi na walimu wawili," Siyad alisema alipoaga. Wahu akamsindikiza.

Nyumba ikanyamaza tena. Samsam akafungua kamba za vitabu, akampigia Amino.

"Alhamisi nina wageni watatu," alisema. "Mwambie mwenye lori atafute mzigo mwingine."