Seva Iliyohama na Mwenyeji Wake

Ndani ya seva mpya mlikuwa na udongo mwekundu, na seva yenyewe ilikuwa imetolewa kwenye boksi asubuhi ileile. Habiba aliufuta kwa kidole, akaunusa. Ulinuka kichuguu kilichonyeshewa, na kiangazi chote Lubumbashi haikuwa imeona tone la mvua.

"Vumbi tu ile," alisema Jeannot, fundi mwenzake, bila hata kuangalia. "Leta waya."

Habiba alimpa waya. Alijua udongo ule umetoka wapi.

Kliniki ya uzazi waliyofanyia kazi, huko Kampemba, ilikuwa inahamia jengo jipya. Habiba ndiye mhandisi wa kompyuta, na ndiye aliyepanga kumbukumbu za akina mama na watoto zitoke kwenye seva kuukuu ziingie kwenye mpya. Alipanga vizuri, sifa zake tumpe: nakala za akiba, majaribio, kila jambo na zamu yake. Jambo moja tu aliliacha. Seva kuukuu ilikaa katika chumba kilichoegemea kichuguu kirefu kuliko paa, na hakuna mjenzi aliyewahi kuthubutu kukigusa, maana watu wa hapa wanajua kwamba kichuguu kina mwenyewe.

Mama yake alikuwa amemwonya. "Mukihama, uage. Ku mulango useme: siye tunaenda, ninyi mubakie muzuri. Kwetu Maniema tunaagaka. Ukitoka kimya, mwenyewe wa kichuguu atafikiri mumemuita."

"Mama, ile ni serveur, haiko nyumba."

"Serveur ilikaa mu nyumba ya nani? Aga tu, mwanangu."

Habiba aliyabeba maneno yale hadi mlangoni, na pale mlangoni akaona haya. Jeannot alikuwa nyuma yake na nyaya begani. Docteur Mapalo, mkuu wa kliniki, alisimama uani akitazama. Mhandisi mzima, msomi wa chuo kikuu, azungumze na udongo? Alifumba kinywa akatoka kimya, na seva kuukuu ikabebwa nyuma yake.

Kumbukumbu zilihamia salama. Kesho yake mchana, ukumbi wa jengo jipya ukiwa umejaa wajawazito, seva mpya ikazima. Habiba akakimbilia chumbani, akafungua mlango kwa ufunguo. Plagi ilikuwa chini. Aliichomeka, taa zikawaka, na mbele ya macho yake plagi ikatoka tena ukutani, polepole, kama jino linalong'olewa na mtu asiye na haraka.

Docteur aliingia na Jeannot, akaiona plagi imetoka. "Nani alitosha prise?"

Aliutazama ufunguo mkononi mwa Habiba.

"Nani mwingine iko na clef?"

"Victorine," alisema Jeannot.

Victorine, mama mfagiaji, alikuwa kwenye korido na ndoo yake. "Haki ya Mungu, Docteur, sikugusa kitu." Kisha akamgeukia Habiba. "Madame Habiba, weye ulikuwa humu. Uliona nini?"

Habiba aliona watakavyomcheka. Akatazama viatu vyake. "Sikuona kitu," alisema.

Victorine alifukuzwa siku hiyohiyo. Alikunja aproni yake vizuri, akaiweka juu ya ndoo, akaondoka bila kumtukana mtu. Habiba alitamani angemtukana.

Siku iliyofuata umeme ulikatika Habiba akiwa chumbani mle peke yake, na kwa kuwa chumba hakikuwa na dirisha, giza lilimfunika mzima mzima, na ndani ya giza lile akasikia mchwa wakitafuna, kwanza ukutani, kisha darini, kisha karibu na sikio lake, na harufu ya udongo mbichi ikamjaa puani mpaka akadhani amezikwa, na alipopapasa kutafuta mlango mkono wake uligusa kitu chenye joto kilichokuwa kinapumua, nacho kikasema, kwa upole, kwa sauti ya Habiba mwenyewe, "Sikuona kitu."

Wenzake walimkuta amekaa chini koridoni.

Mama yake akamleta mjomba Feruzi, seremala anayewasomea dua waliosumbuliwa na mapepo. Mzee alinusa hewa ya chumba, akatikisa kichwa.

"Mwenyewe wa kichuguu hana kosa. Ni weye ulimuleta," alinong'ona. "Serveur ile ya zamani turudishe kule ku kichuguu, umuage. Lakini useme byote mbele ya bantu. Kile utaficha, mule ndani yake njo atakaa. Mficha uchi hazai, Habiba."

Basi seva kuukuu ikarudishwa, wakakusanyika kwenye chumba cha kichuguu: Docteur, Jeannot, wauguzi, hata Victorine aliitwa kutoka kwake. Ubani ukafuka. Habiba aliweka kiganja kwenye udongo wa kichuguu, akasema kwa sauti, "Siye tunaenda, ninyi mubakie muzuri. Nilikataa kuaga juu ya haya."

Hakuna aliyecheka. Ndivyo ilivyo, tunachokiogopa mara nyingi hakipo.

"Na ingine?" aliuliza Feruzi.

Victorine alikuwa amesogea mbele, mikono kifuani, anamngoja. Neno moja tu lingemrudishia kazi na jina lake. Habiba alilisikia likipanda kooni. Akamwona Docteur anamtazama, akakumbuka kwamba kutokuaga ni upumbavu, lakini kusingizia kwa kunyamaza ni uovu, na uso ukamwaka moto.

"Byote ni ile," alisema.

Feruzi alimtazama muda mrefu, kisha akainamisha macho. Harufu iliondoka. Kule jengo jipya seva iliwaka, wala haikuzima tena, na wote wakampongeza Habiba. Victorine alijitanda kitenge chake akarudi nyumbani kwa miguu. Hakuna aliyemwita.

Jioni Habiba alibisha hodi kwao. Mama akafungua, akatabasamu, kisha akachungulia nyuma ya bega la binti yake.

"Karibuni. Na ule mwenzako, juu ya nini anabakia inje?"

Habiba aligeuka. Uani hapakuwa na mtu. Kwenye saruji iliyofagiliwa palikuwa na nyayo za udongo mwekundu, mbichi, zimefuata zake hatua kwa hatua hadi kizingitini, na hapo zimekoma.

"Habiba, ulikuya na nani?"

Alitaka kusema. Safari hii alitaka kweli kusema yote. Lakini kabla hajaunyanyua ulimi, sauti yake ikamtoka yenyewe.

"Sikuona kitu."