Chaki Juu ya Doa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Spana humsaidia mama yake, fundi wa baiskeli, kufungua kibanda na kurudisha minyororo iliyochomoka. Jina hilo alipewa na wanafunzi wenzake, naye alilipokea bila kununa. Lakini asubuhi ya kuchagua kiranja wa darasa, mnyororo ulimponyoka ukamchapa kifuani. Alama nyeusi ya grisi ikabaki kwenye shati lake jeupe, na jingine hakuwa nalo.

"Kiranja gani huyu? Shati kama tambara la gereji!" alicheka mpinzani wake, aliyeitwa Pasi kwa jinsi mikunjo ya suruali yake ilivyosimama kama wembe.

Rafiki wa Spana wa dawati moja akamnong'oneza, "Mwenzangu, paka chaki. Nani atajua?"

Spana akasita, kisha akapaka. Doa likafifia.

Mwalimu wa Kiingereza, aliyesimamia uchaguzi, akaandika ubaoni: *candidate*.

"Yaani mgombea," akasema. "Neno hili lina asili ya Kilatini, *candidatus*, aliyevaa nyeupe. Huko Roma ya kale, mtu aliyeomba cheo alilipaka vazi lake chaki ili ling'ae mbele ya wapiga kura. Neno lilipofika kwenye Kiingereza, lilikuwa limeliacha vazi njiani, likabaki na kuomba cheo tu."

Spana alihisi uso ukiwaka moto. Akasimama, akajipangusa kifuani kwa kiganja mpaka vumbi jeupe likaruka na doa likaonekana lote.

"Mwalimu, nami nimejipaka chaki. Nimekosa. Hii ni grisi, nimeipata kazini kwa mama yangu, na kesho huenda nikapata nyingine. Sitaionea haya! Anayetaka shati, achague shati. Anayetaka mtu wa kumsemea, mimi hapa."

"Kaa chini, fundi!" Pasi akadakia.

"Nitakaa nikimaliza. Sasa nimemaliza."

Kura zilipohesabiwa, Spana alishinda kwa tofauti ya kura tatu. Pasi alikuja kumpa mkono, uso mchungu kama shubiri.

"Wanangu," mwalimu akasema, "usafi ni jambo jema, na Mungu anaupenda. Doa lifueni, na kosa liungameni. Lakini msijidanganye: kuficha si kufua."